Kwa Baba Mkwe Niliyebishana Naye Bila Kuonana

Baba Mkwe mpendwa,

Nakuandikia hapa hapa kundini, mbele ya watu wote, kwa sababu hapa ndipo tulipofahamiana. Admini amenipa siku nzima ya leo, na amewaomba wenzetu wanaogombana kuhusu ile sizoni mpya wapumzike kidogo. Wamekubali, nami nimeshangaa, maana hawa watu unawajua. Wakiambiwa jua limechomoza watauliza limechomoza kwenye muvi gani.

Hii ni mara ya kwanza kukuita Baba. Nyumbani nilikuita Mzee, tena nikiwa nyuma ya ukuta, na humu kundini nilikuita majina ambayo nikiyakumbuka nashika mdomo. Wenzetu wananijua kwa jina la Mke wa Adui. Wewe walikujua kwa jina la Steringi Hafi. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba Mke wa Adui na Steringi Hafi walikuwa wakinywa chai ya chupa moja kila asubuhi, nyumba moja, Kibamba, bila kutazamana usoni. Leo nawaambia, na naona fahari kuwaambia.

Wasiojua mila za kwenu niwaeleze kidogo. Kwenu Tukuyu, kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, na mkamwana hatamki jina la mkwewe. Ni heshima kubwa. Sasa mimi ni mtoto wa Tandika, na kwetu mtu akinyamaza dakika tano anaulizwa kama anaumwa. Gwakisa aliponieleza haya kabla ya kunioa nilicheka, nikajua ananitania. Akaniambia, "Cheka sasa hivi, maana ukishaingia kwetu hicho kicheko kitabidi kipitie dirishani."

Miaka ya mwanzo haikuwa ngumu. Sisi tuliishi Tabata, nyinyi Kibamba, na tukija kukusalimu mimi nilikuwa naishia jikoni kwa mama mkwe. Mama alipofariki, Gwakisa akasema hawezi kukuacha peke yako kwenye nyumba ile, tukahamia. Na kwa kuwa mwanao ni dereva wa lori, wiki hii yuko Tunduma, wiki ijayo yuko njiani kurudi, tukabaki mimi na wewe na ukuta katikati. Nikaijua ratiba yako kuliko ya mume wangu. Ulikuwa unakohoa getini makusudi ili nipate muda wa kupotea. Mimi naandaa meza, nafunika chakula kwa kawa, nagonga ukuta mara mbili, naingia jikoni. "Shikamoo Mzee," nasema huko huko. "Marahaba, mama," unajibu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima, na kesho tunayarudia.

Nisikufiche, iliniuma. Nilijua ulifundisha Jiografia maisha yako yote ya kazi, nilijua wanafunzi wako wa zamani wanakusimamisha barabarani kukushukuru, na mimi niliyekuwa nakupikia nilikujua kwa mgongo na kandambili tu. Nilitamani hata unigombeze.

Kumbe ulikuwa unanigombeza kila siku humu, na mimi nakujibu.

Nilijiunga na Wapenda Muvi Bila Presha tukiwa bado Tabata. Napika keki za oda, na keki ikishaingia kwenye oveni huna kazi zaidi ya kusubiri na simu. Wewe nilikukuta. Ulikuwa na kanuni yako moja, kwamba steringi, yaani shujaa wa muvi, hafi, na muvi ambayo steringi anakufa uliiita kazi isiyokamilika. Uliandika kama unamwandikia mkurugenzi wa wilaya: "Ndugu wanakundi, naomba kutofautiana na mchangiaji aliyetangulia." Mimi nikajibu, "Mzee, hapa ni kundini, siyo kikao cha kata." Watu wakacheka siku tatu.

Kila muvi mimi nilikuwa upande wa adui, ndiyo maana nikajiita mke wake. Nilikwambia, "Huyo adui alidhulumiwa shamba, ulitaka aimbe kwaya?" Ukajibu, "Binti, hoja yako ina miguu, haina kichwa." Nami sikulaza damu. "Afadhali yangu inatembea, Mzee, yako imekaaga tu tangu enzi za redio ya mbao." Nikaongeza kwamba mtu kama wewe anafaa kuwekwa makumbusho, watoto wa shule waje kukutazama kwa foleni. Baba yangu, niliandika hivyo kwa mkono wangu huu.

Lakini kuna siku sitaisahau. Mtu mmoja aliniandikia nirudi jikoni, muvi za kivita niwaachie wanaume. Kabla sijatafuta tusi la kumfaa, ukawa umeshaandika: "Ndugu, mjibu hoja yake. Ukishindwa, nyamaza, kama mimi ninavyonyamaza akinishinda. Aliyemzaa binti huyu alipata mtoto." Niliipiga picha meseji ile, nikamtumia mama yangu Tandika. Sikujua ni nani kaiandika, lakini nilitembea nayo wiki nzima kifua mbele. Marehemu baba yangu hakuwa mtu wa kusifia, na mimi nilikuwa nimeshazoea kukosa.

Halafu ikaja ile siku ya keki. Tulikuwa tumeshahamia kwako. Nilikuwa jikoni, keki ya kipaimara iko ndani ya oveni, na humu kundini tulikuwa tunabishana kama polisi wa kwenye muvi fulani alihongwa au aliogopa tu. Nikaandika aliogopa. Sekunde hiyo hiyo nikasikia simu inalia sebuleni kwako, na wewe unasema, "Aka!" Nikadhani umepokea habari za nyumbani. Kisha nikasikia sauti yako, taratibu, silabi moja moja, kama unawaandikisha darasa la pili imla: "Bin-ti... u-me-po-to-ka... te-na." Simu yangu ikatetemeka juu ya meza ya unga. "Binti, umepotoka tena."

Nilikaa chini sakafuni. Sikujua kwamba wewe ukiandika simu unasoma kwa sauti, sikujua hata kama una simu ya namna hiyo. Yale ya makumbusho yote yakarudi kichwani. Mkamwana asiyeruhusiwa hata kutaja jina la mkwewe alikuwa amemwita redio ya mbao, tena watu wakaweka vicheko. Keki ikaungua nikiwa nimekaa pale pale, nyumba nzima ikanuka moshi. Nikaandika humu, "Samahani wadau, keki imeniungulia, kwaherini kwa leo," nikazima simu.

Sikurudi kwa wiki mbili. Niliogopa kwamba ukijua utaona umedharauliwa nyumbani kwako, utamwita Gwakisa, wazee wataitwa, na mimi nitakuwa yule mke wa mjini aliyemtukana mzee wa watu. Sikumwambia hata mume wangu. Lakini siku ya kumi na kitu nikachungulia, nikakuta umeandika: "Mke wa Adui yuko wapi? Kundi limepoa." Na kweli hata nyumba ilikuwa imepoa. Nilikuwa nakusikia mezani unasogeza kikombe, unakohoa bila sababu, unarudi chumbani mapema. Nikajikaza, nikaandika, "Nipo Mzee, nilikuwa natafuta hoja yenye kichwa." Ukacheka huko sebuleni mpaka ukapaliwa na chai. Nilikisikia kicheko chako kwa masikio yangu, na kile cha kwenye simu kikaja baadaye.

Basi tukaendelea hivyo. Mimi nikijua, wewe sijui kama unajua.

Masika yale ikatoka muvi ya kwetu ya Kibongo, mnaikumbuka wote humu maana ilitaka kuvunja kundi. Mzee mmoja anaugua homa, watu wake wako mbali, amebaki mkamwana wake peke yake, na mila yao ni kama ya kwenu. Mkamwana anavunja mila, anaingia chumbani na kikombe cha maji. Nusu ya kundi walilia, nusu walikasirika. Wewe uliandika pointi tano, kila moja na namba yake, kwamba mwandishi hajui mila, kwamba heshima ikivunjwa siku ya shida haikuwa heshima, na kwamba huyo mkamwana angetafuta njia nyingine. Mimi nikaandika kwamba njia nyingine hiyo ingempeleka mzee kaburini akiwa na heshima zake zote. Tukabishana siku tatu. Hukusogea hata inchi moja, na kwenye kundi hili hakuna aliyewahi kuona Steringi Hafi anabadilisha msimamo.

Siku ya nne miguu yako ikagoma. Jirani yetu Baba Neema alikuja asubuhi, akakuinua sakafuni, akakulaza kitandani, akakupa dawa yako ya sukari, akakimbilia kazini. Gwakisa alikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpakani. Shangazi, dada yako, alikuwa ndiyo kwanza anapanda basi kutoka Tukuyu, atafika kesho. Nikapika uji, nikauleta mpaka mlangoni pako.

"Mzee, uji huu hapa."

"Weka hapo, mama."

"Mzee, hapa hutafika."

"Weka hapo," ukarudia, na sauti ilikuwa imepungua.

Niliuweka. Ilipofika saa tano uji ulikuwa umeganda, nikapasha, nikarudi. Saa sita vile vile. Nilijua, na wewe ulijua, kwamba mtu wa sukari akimeza dawa na tumbo tupu, hali yake inaweza kugeuka muda wowote. Nilisikia pumzi zako. Nikampigia Gwakisa, akasema, "Ingia! Mie ndiye ninayesema, ingia!" Lakini ruhusa ile haikuwa yake kuitoa. Ningeingia kwa amri ya mtoto wako ungeona umevuliwa heshima ukiwa huna nguvu ya kukataa, na mimi ningekuwa ndiye niliyekuvua. Nilitaka uniambie wewe. Na kunitamkia mwenyewe, mkwe kwa mkamwana, usingeweza.

Nikakaa chini pale kwenye korido, bakuli pembeni, nikaandika humu: "Steringi Hafi, swali moja tu. Yule mkamwana wa kwenye muvi yuko mlangoni na uji. Mzee ameshameza dawa na hajala. Bado unasema asiingie?"

Simu ikalia chumbani kwako. Wenzetu humu, Mungu awabariki, wakanirukia. "Mke wa Adui, kwenye muvi hakukuwa na uji, alibeba maji!" "Dawa gani? Hiyo sini mie sijaiona." "Huyu kaangalia muvi nyingine huyu." Meseji zikawa zinamiminika na mimi natokwa na machozi, nasubiri mtu mmoja tu.

Kisha nikaisikia sauti yako kupitia mlango, ndogo, silabi moja moja.

"A... i... ngi... e."

Niliisikia kabla simu haijatetemeka. Ikatetemeka. "Aingie." Na nikiwa bado naitazama ikaingia ya pili, "Nabadilisha msimamo. Nimekosea pointi zote tano." Humu ndani kukawa kama uwanjani bao limeingia dakika ya mwisho, watu wakaweka ngoma, wakaweka mataji. Wala hawakujua wanashangilia nini. Mimi nilikuwa nimeshafungua mlango.

Ulinitazama. Jasho lilikuwa limekuloanisha mpaka kwenye mto, lakini ulinitazama vizuri, kama mwalimu anayemwona kwa mara ya kwanza mwanafunzi ambaye daftari zake amezisahihisha siku nyingi.

"Mke wa Adui," ukasema. "Uji una sukari?"

"Kidogo, Mzee."

"Leo ongeza."

Nikaongeza, nikakulisha. Ulipopata nguvu nikakuuliza ulijua tangu lini. Ukasema ulijua tangu siku ile keki ilipoungua, maana mtu wa kundini aliunguza keki na nyumba yako ndiyo iliyonuka. Yaani tulijuana siku moja, kila mtu upande wake wa ukuta. Kwa hiyo uliponiulizia niko wapi, kundi limepoa, ulikuwa unaniulizia mimi. Ulimaliza bakuli, ukageuza uso ukutani, ukasema, "Ndaga fijo." Hicho ndicho Kinyakyusa cha kwanza nilichokijua, maana yake asante sana.

Shangazi alifika kesho yake mchana, akanikuta natoka chumbani kwako na bakuli. Alidondosha mfuko wa maparachichi. Hakunisalimu, aliingia moja kwa moja, na mimi nikabaki koridoni nikisikiliza.

"Kaka, mwanamke huyu amekuvunjia heshima ndani ya nyumba yako!"

"Hakuivunja, dada. Aliomba ruhusa."

"Alimwomba nani?"

"Aliniomba mimi, akanishinda kwa hoja mbele ya kundi zima. Mimi ni mwalimu, nikishindwa nakubali. Na huyo aliyenishinda ni mkamwana wangu."

"Kundi gani, kaka? Homa imekupanda?"

Sijui ulimjibuje, maana nilikuwa nimeshakimbilia jikoni kulia. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunitaja kwa sauti ile. Ulisema "mkamwana wangu" kama mtu anavyotaja shule aliyosoma.

Tulipata miezi mitano. Miguu haikurudi, lakini mdomo ulibaki mzima, na vidole pia. Heshima yako nyingine sikuigusa. Jina lako sikulitaja, mpaka leo silitaji. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, wewe kitandani, na kwa kuwa kuzungumza ana kwa ana kulitutia haya sote, tulibishana kwa simu tukiwa chumba kimoja. Wewe unasoma silabi zako, mimi najua jibu kabla halijafika, unalalamika humu kundini kwamba Mke wa Adui anajibu haraka mno, hasomi hoja. Gwakisa akirudi safari alikuwa anasimama mlangoni, anatutazama, anatikisa kichwa, anaenda kuoga. Kuhusu steringi hukuniachia mpaka mwisho, na nilikuheshimu kwa hilo. Msimamo ulioubadilisha ulikuwa mmoja tu, na uliubadilisha kwa ajili yangu.

Wenzetu, sasa mnajua kwa nini Steringi Hafi amekaa kimya. Mlipokuwa mnamuulizia tulikuwa njiani kumpeleka kwao.

Baba, nataka nikuambie lililotokea makaburini, kwa kuwa usingeweza kuliona. Tukuyu kulikuwa na mvua nyembamba, migomba yote imeloa. Mimi nilisimama nyuma kabisa, pamoja na majirani, sikutaka kumkwaza mtu siku yako. Kijana mmoja wa ukoo wako akasoma wasifu: ulipozaliwa, shule ulizofundisha, kanisa lako. Akafika mahali pa kuhitimisha, akasoma, "Ameacha watoto wanne na wajukuu saba."

"Watano," akasema Shangazi.

Kijana akatazama karatasi yake. "Shangazi, hapa wameandika wanne."

"Nimesema watano. Soma tena."

Watu wakageuka kunitazama, wakanipisha njia mpaka mbele. Kijana akasoma tena, watano, na hakuna mzee hata mmoja aliyebisha.

Pumzika, Baba. Nyumba ya Kibamba ni safi, na mwanao amefika salama jana.

Mimi,
Mwanao wa tano